Ploti Kumi na Tano: Jinsi Kajiado Ilivyopata Ligi na Kitengela Ikakosa Viwanja

Uwanja kamili wa kandanda, wa mita 105 kwa 68, humeza ploti kama 15 za futi hamsini kwa mia. Hesabu hiyo dalali yeyote wa Kitengela huifanya kichwani bila kushika kalamu, na ndiyo inayoeleza zaidi historia ya ligi za mashinani katika kaunti ya Kajiado kuliko jedwali lolote la pointi. Zamani ardhi ilikuwa tele, lakini wachezaji hawakuwapo. Wachezaji walipofika, nao walifika kwa maelfu, ardhi ilikuwa imekwisha kukatwa, kuuzwa na kuzungushiwa ua.

Watu wengi husimulia kandanda ya Kenya wakianzia Gor Mahia na AFC Leopards. Kwa Kajiado, masimulizi hayo hayafiki mbali. Hapa yafaa kuanzia kwenye mkataba wa ardhi na njia ya reli.

1904–1926: Reli, magadi na kombe la sabuni

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai katika mkataba uliowatoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa. Mkataba wa pili, wa 1911, uliwaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini, katika hifadhi iliyojumuisha nchi ambayo leo ni Kajiado na Narok. Mwaka huohuo wa 1911 ikaundwa Magadi Soda Company, na kampuni hiyo ilihitaji reli. Njia ikachepuka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka hadi Ziwa Magadi, na kukamilika 1915 wakati Waingereza na Wajerumani wakipigana kando ya mpaka, upande wa Longido.

Mji wa Kajiado ulikulia kwenye stesheni. Karani, fundi wa reli, mwenye duka na askari waliletwa na treni, na wote walikuwa na kitu ambacho mfugaji wa mbugani hakuwa nacho wala hakukihitaji: mshahara wa mwisho wa mwezi na alasiri ya mapumziko inayojulikana mapema. Kandanda ilienea Kenya kwa kufuata watu wa aina hiyo, katika kambi za reli, mabweni ya shule za misheni na viwanja vya gwaride.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, mzazi wa Kombe la CECAFA la leo. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza, na sabuni ya kipande haitengenezwi bila soda. Mwaka huohuo kampuni ya Brunner Mond, iliyokuwa imeichukua Magadi tangu 1924, iliungana na wenzake kuunda kampuni ya kemikali ya ICI. Sidai kwamba kombe lile lilitoka Ziwa Magadi. Ila biashara moja ya kemikali ndiyo iliyopeleka treni kwenye ziwa la Kajiado, na jamaa yake wa karibu ndiye aliyelipia kikombe cha kwanza cha kanda hii, huku mbugani penyewe kukiwa hakuna ligi.

Si kwamba vijana wa Kimaasai hawakuwa na michezo. Morani alikimbia, aliruka, alirusha rungu kwa shabaha, na alishindana na rika lake mbele ya watu wanaojua kuhukumu. Tatizo lilikuwa ligi yenyewe. Ligi hudai ratiba: Jumapili hii hapa, Jumapili ijayo kule, wachezaji walewale kwa miezi minane. Mfugaji hufuata mvua. Kiangazi kikikaza, kijana aliyekuwa Isinya mwezi jana yuko na ng'ombe mwendo wa siku kadhaa kutoka hapo, na hakuna mwenyekiti wa timu atakayemwita arudi kucheza beki wa kulia.

1963–1987: Mkoa mmoja, makao Nakuru

Ligi ya taifa ilianza 1963, na bingwa wa kwanza akawa Nakuru All Stars. Ushindi huo ulikuwa sifa kwa Bonde la Ufa, mkoa ulioanzia Turkana na kuishia Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Kajiado ilikaa pembe ya kusini ya mkoa huo. Mtu wa Ngong aliliona jiji la Nairobi kwa macho yake, lakini mambo ya mkoa wake yaliamuliwa Nakuru, na shirikisho la soka nalo lilipanga ligi zake kwa kufuata mipaka ya mikoa. Kwa klabu changa isiyo na nauli, ramani hiyo ilikuwa adhabu.

Klabu kubwa za miaka hiyo zilijengwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa jamii: Abaluhya, iliyoanza 1964, na Gor Mahia, iliyoanza 1968, zilibebwa na wahamiaji wa magharibi waliokuja kutafuta kazi mijini na kuhitaji mahali pa kukutana kama watu wa nyumbani. Kufikia 1980 serikali ya Moi ilikuwa imeamuru majina ya kikabila yaondolewe, na Abaluhya wakawa AFC Leopards, ingawa mashabiki hawakubadilika. Njia ya pili ilikuwa mwajiri: kiwanda cha bia, kiwanda cha nguo, posta, bomba la mafuta. Mchezaji aliandikwa kazi, akafanya mazoezi jioni, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama karani mwingine.

Kajiado haikuwa na mji mkubwa wa wahamiaji, na viwanda vilivyokuwa jirani, vya saruji na nyama pale Athi River, vilikuwa upande wa Machakos. Kitengela yenyewe haikuwa mji. Palikuwa na kituo cha biashara cha Noonkopir kando ya barabara ya Namanga, maduka machache na mifugo iliyokuwa ikipitishwa kwenda sokoni. Nyuma ya maduka hayo uwanda ulitanda hadi mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946 na kuachwa wazi upande huo ili nyumbu na punda milia wapite.

Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za pamoja. Ukoo na majirani walisajiliwa kama wanachama, wakachagua kamati, wakapewa hati moja kwa wote. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na hekta zipatazo 18,000 na wanachama waliosajiliwa 214. Ungetaka kuanzisha ligi hapo ungepata viwanja elfu moja na usipate timu nne.

Mpira ulifika kwa redio. Leonard Mambo Mbotela akitangaza, hata boma lisilo na njumu hata jozi moja lilijua nani kafunga. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, klabu ya kwanza ya Kenya kufanya hivyo. Mwaka uliofuata, kilomita kama thelathini kusini mwa jiji, likatukia jambo ambalo hakuna mtangazaji wa michezo aliyelitaja, na ambalo kwa hadithi hii ni kubwa kuliko kombe.

1988: Kamba ya mpimaji

Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake. Sababu zilikuwa nyingi na nzito. Watu walichoka na kamati zilizoshukiwa kupendelea wakubwa. Hati ya mtu binafsi mwenyewe angeweza kuipeleka benki, ya pamoja asingeweza. Wanyamapori wa mbuga waliua mifugo bila fidia ya maana. Vijana waliotimiza umri waliuliza nao watasajiliwa lini. Na Nairobi ilikuwa pale, ikisogea.

Serikali ilipopitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990, na eneo kubwa la EPZ likajengwa Athi River, Kitengela ikawa chumba cha kulala cha wafanyakazi. Baada ya Marekani kufungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, cherehani ziliongezeka na vyumba vya kupangisha vikaongezeka nazo. Mwenye ekari mia aliuza kumi, aliyenunua kumi akazikata hamsini kwa mia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini Kitengela. Ya 2019 ikahesabu 154,436. Ongata Rongai, upande wa pili wa kaunti, ilikuwa imefika 172,570, na Ngong imepita 100,000.

Hapo ndipo Kajiado ilipopata wachezaji. Kijana aliyekuja na mamake kutoka Kakamega, Machakos au Kisii, akasoma Kitengela na kumaliza kidato cha nne hapo, hakuwa tena mhamiaji wa kwenda kushabikia timu ya nyumbani Nairobi. Alikuwa mtu wa mtaa. Timu zikaota kwenye mitaa, makanisa, shule za binafsi na vituo vya bodaboda. Nyingine ziliitwa akademia kwa sababu mzazi hulipa kwa urahisi zaidi akisikia jina hilo. Kenya ilikuwa na mifano ya kutosha ya kuwatia moyo: Mathare United ilitoka kwenye chama cha vijana wa mabanda kilichoanza 1987, na Sofapaka, iliyoanza kama timu ya kanisa, ilitwaa Ligi Kuu 2009 katika msimu wake wa kwanza huko juu.

Lililokosekana ni mwajiri. EPZ ilikuja wakati klabu za makampuni zilikuwa zinakufa nchini kote, mashirika ya umma yakiuzwa au yakipunguza wafanyakazi. Kiwanda cha nguo kinachoshona kwa oda ya mnunuzi wa ng'ambo, kikiajiri kwa mikataba mifupi, hakina hamu ya kulipa kocha. Wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wanawake, na hakuna aliyefikiria kwamba hiyo nayo ingeweza kuwa timu. Kwa hiyo klabu za Kitengela zililelewa kwa michango ya wachezaji na mfuko wa kocha.

Zilicheza wapi? Kwenye ardhi ya mtu. Kila mji unaokua haraka una viwanja vya kuazima: ploti ambazo mwenyewe yuko Nairobi au Dubai, hajajenga, na hajali watoto wakipiga mpira kwa sasa. Vijana hung'oa visiki, husimamisha miti ya magoli, huchora mistari kwa majivu. Misimu miwili mitatu hupita. Kisha lori la mawe ya kujengea humwaga shehena karibu na kisanduku cha kumi na nane, na timu huhama. Waliobahatika walipata viwanja vya shule za msingi za serikali, maana ardhi ya shule ilitengwa mapema, lakini hapo hucheza timu tano kwa zamu na mwalimu mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Udongo nao una neno. Sehemu kubwa ya Kitengela ni udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa jua na kugeuka ulimbo mvua ikinyesha. Aprili na Novemba ratiba ya ligi huwa karatasi tu. Timu hufika kwa gari la kukodi, refa hupima kwa kiatu chake, na wote hurudi makwao nauli ikiwa imeliwa.

Ardhi ya wazi ilipata mlinzi, ila si kwa ajili ya mpira: kuanzia mwaka 2000 wahifadhi waliwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua, wanyama wapate njia ya kutoka Mbuga ya Nairobi. Mpango ule ulikuwa wa busara na siukejeli. Naona tu kwamba nyumbu alipata mtetezi wa kumlipia nafasi, na winga wa kushoto hakupata.

Pengo la mfadhili lilijazwa na wanasiasa. Kombe la mbunge, kombe la diwani, baadaye kombe la mwakilishi wa wadi: jezi mpya, mpira mpya, mbuzi au pesa kwa bingwa, na hotuba kati ya nusu fainali na fainali. Mashindano hayo yaliwapa vijana umati wa kweli, jambo ambalo ligi haikuwapa. Lakini huchezwa wiki tatu na kwisha, mara nyingi mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Hayafundishi timu kupoteza Jumapili moja na kurekebisha kosa Jumapili inayofuata. Klabu nyingi zilizaliwa kwa ajili ya kombe na kufa jezi zilipochakaa.

2010–2019: Ngazi yapata vipandio

Katiba ya 2010 ilivunja mikoa. Jedwali lake la Nne lilizipa kaunti kazi ya michezo na viwanja, na 2013 Kajiado ikapata serikali yake, ikiwa na maeneo bunge matano. Sheria ya Michezo ya 2013 ikazitaka klabu zijisajili kwa msajili rasmi. Shirikisho la soka la Kenya, FKF, lililochukua usukani 2011 baada ya miaka ya mivutano na kufungiwa na FIFA, baadaye likapanga matawi yake kwa kaunti. Kwa mara ya kwanza timu ya Kitengela iliweza kusajiliwa, kushtaki na kupiga kura bila kuitazama Nakuru.

Ngazi ikawa hivi: ligi ya kaunti ndogo, ligi ya kaunti, ligi ya kanda, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Ligi ya Taifa ya Supa, kisha Ligi Kuu yenye timu 18. Vipandio sita kabla ya kukutana na Gor. Kariobangi Sharks, klabu ya mtaa wa Nairobi, ilionyesha kwamba vinapandika, ilipoingia Ligi Kuu kwa msimu wa 2017. Ila Sharks ilikuwa na mwenye mali aliyejua njia, Nick Mwendwa, ambaye Februari 2016 alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho lenyewe.

Kajiado ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000. Ngong, Rongai, Kiserian na Kitengela zimebanana upande wa kaskazini ambako watu ni wengi na matatu hazikatiki. Loitokitok iko upande wa pili kabisa, Magadi imezama bondeni kwenye joto, Namanga iko mpakani. Timu ya kusini ikija kaskazini huamka usiku, hulipa gari siku nzima, na wachezaji hushuka wakiwa wamekakamaa kabla ya kipenga cha kwanza. Timu ya kaskazini ikipangiwa kwenda kusini, mara nyingi huanza kuhesabu kama kupoteza pointi tatu si nafuu. Ndiyo maana jedwali la ligi za ngazi hii limejaa ushindi wa mezani. Asiyejua husoma uvivu. Aliyewahi kuchanga nauli ya watu ishirini husoma bei ya mafuta.

Marefa hulipwa na klabu siku ya mechi. Klabu isipokuwa na pesa mechi haichezwi, au huchezwa na deni hukaa. Halafu bingwa wa kaunti akishapanda kwenda ligi ya kanda, tuzo yake ni safari ndefu zaidi. Nimewasikia makocha wakisema, bila kutania sana, kwamba nafasi ya pili ndiyo nafasi tamu.

Mji wa Kajiado ulibaki na kitu ambacho Kitengela haina: Uwanja wa Ildamat, ardhi ya umma katikati ya makao makuu ya kaunti. Si uwanja wa kujivunia mbele ya ule wa Kasarani jijini Nairobi, na hutumika pia kwa sherehe na mikutano. Lakini unajulikana, una mipaka, na hakuna lori la mawe litakaloingia bila ruhusa. Mji mdogo wa stesheni ulirithi nafasi ya umma kutoka enzi za wakoloni na baraza la Olkejuado, halmashauri ya zamani ya Kajiado. Mji mkubwa wa ploti haukurithi chochote, kwa sababu siku ya kugawana ranchi kila mtu alipima cha kwake.

2020–2022: Kipenga kwenye meza

Machi 2020 mpira ulisimamishwa kwa sababu ya korona. Klabu kubwa zilipoteza mapato, na klabu za mashinani zikapoteza watu: mfungaji akaanza bodaboda, kipa akarudi kijijini, kocha akahama nyumba. Timu isiyo na mkataba wowote ikikaa mwaka bila kucheza hairudi ile ile.

Kabla hawajatulia, Novemba 2021 Waziri wa Michezo Amina Mohamed aliivunja kamati ya FKF kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha na kuweka kamati ya mpito chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Adhabu iliondolewa Novemba 2022, shirikisho likarudi, na likakataa kutambua msimu uliosimamiwa na kamati ya mpito. APS Bomet na Fortune Sacco, zilizokuwa zimepanda Ligi Kuu, zikaambiwa zirudi chini. Mathare United na Vihiga Bullets, zilizokuwa zimeshuka, zikarudishwa juu.

Magazeti yaliandika sana kuhusu Harambee Stars kukosa mechi za kufuzu. Madhara ya chini yalikuwa mabaya zaidi na hayakuandikwa sana. Ligi za ngazi za chini huishi kwa ahadi moja tu: ukishinda utapanda. Hakuna tuzo ya fedha, hakuna televisheni. Kijana anayechanga shilingi mia kila Jumapili anainunua ahadi hiyo. Kupanda kulipoweza kufutwa ofisini kwa waraka mmoja, mwenyekiti wa klabu ya mtaani hakuwa na jibu la kumpa.

Tangu 2024: Mtu wa ligi za mtaani

Uchaguzi wa FKF wa Desemba 2024 ulimleta Hussein Mohammed, aliyejulikana kwanza kwa kampuni ya Extreme Sports na mashindano ya Super 8 yaliyopata umaarufu katika mitaa ya Nairobi. Wajumbe wa matawi ya kaunti ni sehemu kubwa ya wapiga kura wa shirikisho, kwa hiyo tawi la Kajiado, lililowahi kuwa pembe ya mkoa, sasa lina sauti ambayo wagombea huifuata hadi mlangoni. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya ikafika robo fainali, na jezi za Harambee Stars zikavaliwa mitaani kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. AFCON ya 2027 inakuja kwa mataifa hayohayo matatu, na uwanja wa Talanta wa watazamaji 60,000 unajengwa kando ya Ngong Road, barabara ambayo ukiifuata hadi mwisho inakutia Kajiado.

Kwa klabu za Kitengela, karatasi muhimu zaidi haiko FKF. Baraza la Olkejuado, kabla halijavunjwa, liliacha mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto, uliokusudiwa kufika 2026. Mpango huo ulizaliwa kutokana na vita vya malisho na njia za wanyama, na hilo ndilo lililoushughulisha zaidi. Mpango utakaofuata ni kazi ya serikali ya kaunti, na Katiba imekwisha kuikabidhi serikali hiyohiyo viwanja vya michezo. Ofisi moja inashika kalamu zote mbili. Kutenga ploti 15 upande wa Isinya, ambako ekari bado zinauzwa kwa ekari, bado kunawezekana. Katikati ya Kitengela, kaunti ingelazimika kubomoa ghorofa.